Alichokula mtoto na alichokosa: fumbo la lichi na maradhi ya ubongo Muzaffarpur

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei, wilaya ya Muzaffarpur katika jimbo la Bihar, kaskazini mwa India, huingia msimu wa lichi. Miti huinama kwa matunda mekundu, wachumaji hudamka alfajiri ili mzigo uondoke kabla jua halijawa kali, na watoto wa vijijini hushinda chini ya miti wakiokota yaliyoanguka. Ndio msimu huohuo ambao, tangu mwaka 1995, hospitali za mji huo zimekuwa zikipokea watoto wenye degedege kwa makumi, na miaka mingine kwa mamia.

Sura ya ugonjwa ilikuwa ileile mwaka baada ya mwaka. Mtoto mdogo, mara nyingi wa kati ya mwaka 1 na miaka 5, wa familia maskini, analala jioni akiwa mzima. Usiku ukikaribia kucha, mama anashtushwa na kilio kikali. Mtoto amekakamaa, macho yamegeuka, mwili mzima unatetemeka. Kisha anazama katika usingizi asioamshika. Wenyeji waliuita chamki bukhar, yaani homa ya mitetemeko. Mwaka 2013 wachunguzi walifuatilia wagonjwa 133 waliolazwa kwa dalili hizo. Asilimia 94 walikuwa wamepata degedege. Asilimia 44 walifariki.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa kichwa cha habari kimoja: lichi inaua watoto. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayookoa maisha. Ndiyo sababu nataka tukipitie kisa chote taratibu, tangu pale madaktari walipokuwa wakipapasa gizani.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa kirusi, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kaskazini mwa India kuna homa ya ubongo ya Kijapani, inayoenezwa na mbu, ambayo imeua watoto wengi sana hasa katika eneo la Gorakhpur kwenye jimbo jirani la Uttar Pradesh. Mtoto akija na degedege na kupoteza fahamu, daktari wa huko huwaza mbu kwanza, kama vile daktari wa Kilombero au Kisumu anavyowaza malaria kwanza. Wengine walilaumu joto, kwa sababu Mei na Juni huko jua huchoma kupita nyuzi 40. Wengine walinyooshea kidole viuatilifu vinavyopuliziwa kwenye mashamba ya matunda. Sampuli zilipelekwa maabara kubwa za nchi hiyo, na majibu yakawa yanarudi vilevile: kirusi hakuna.

Dalili zenyewe nazo zilikuwa zinapingana na dhana ya kirusi. Mwaka 2013, asilimia 61 ya watoto walifika hospitali bila homa. Maji ya uti wa mgongo, ambayo kwa mtu mwenye maambukizi ya ubongo huwa na chembe nyeupe nyingi za damu, kwa wengi wao yalikuwa safi. Ugonjwa haukuwa ukiambukizwa: ulimpata mtoto mmoja katika kijiji, mmoja katika nyumba, na ndugu zake waliolala naye mkeka mmoja wakaamka salama. Kisha mvua za Julai zikianza, ugonjwa ulikatika kana kwamba umefungiwa mlango.

Hapa pana tofauti inayochanganywa sana hata kwenye vyombo vya habari. Ubongo unaweza kuugua kwa sababu umeshambuliwa na vijidudu ukavimba. Unaweza pia kuugua bila kidudu chochote, kwa sababu umekosa hewa, umekosa sukari, au umefikiwa na sumu. Kwa macho, watoto wawili wa aina hizo wanafanana: wote wana degedege, wote hawajitambui. Lakini tiba zao ni mbali kama mashariki na magharibi. Muzaffarpur walikuwa wakiwatibu watoto wa kundi la pili kwa fikra za kundi la kwanza.

Waliogeuza mjadala ni madaktari wawili wa India: T. Jacob John, mtaalamu wa virusi aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika chuo cha tiba cha Vellore, na Arun Shah, daktari wa watoto wa Muzaffarpur kwenyewe. Kwao jambo la kuangaliwa lilikuwa sukari ya damu. Watoto wengi waliofika na degedege walikuwa na sukari ya chini mno. Na kushuka kwa sukari peke yake kunatosha kabisa kuleta degedege, kupoteza fahamu na kifo. Basi swali likabadilika. Badala ya kuuliza ni kidudu gani kimeingia kwenye ubongo, wakauliza: ni kitu gani kinaifuta sukari kwenye damu ya mtoto usiku, tena wakati wa lichi tu?

Jibu lilikuwa limekaa kwenye maandishi ya wanakemia kwa nusu karne. Mwaka 1962 watafiti wa Uingereza, Gray na Fowden, walitangaza kwamba wameipata ndani ya mbegu za lichi amino asidi ya ajabu ambayo leo hufupishwa kwa jina la MCPG. Kemikali hiyo ni ndugu wa karibu wa nyingine iitwayo haipoglisini A, na hiyo ya pili tayari ilikuwa na historia ya mauti upande mwingine wa dunia.

Tunda la aki lilitoka Afrika Magharibi likapandwa Jamaika enzi za utumwa, na leo ni tunda la taifa la nchi hiyo. Hupikwa na samaki wa chumvi, na ni chakula kitamu kikiandaliwa vizuri. Lakini kila bibi wa Jamaika anajua sharti lake: aki halichumwi mpaka lifunguke lenyewe mtini. Likilazimishwa likiwa bado limefumba, lina haipoglisini nyingi, na mlaji hutapika sana, sukari yake huporomoka, anapata degedege na anaweza kufa. Walioathirika zaidi tangu zamani walikuwa watoto wenye utapiamlo. Kemikali yenyewe ilitengwa katika chuo kikuu cha Jamaika katikati ya miaka ya 1950, na jina lake limetokana na kazi yake ya kushusha sukari. Na si Jamaika tu. Mwaka 1998 nchini Burkina Faso watoto 29 wa umri wa miaka 2 hadi 6 walikufa kwa maradhi ya ubongo ya ghafla, na uchunguzi ukaelekeza kwenye aki bichi.

Aki na lichi ni wa familia moja ya mimea. Mzanzibari anayeijua shokishoki akishika lichi mkononi ataona undugu: ganda jekundu lenye vipele, ndani nyama nyeupe yenye maji, katikati mbegu moja. Shokishoki nayo ni ya familia hiyohiyo. Niseme mapema, kabla hofu haijasambaa kwenye makundi ya simu, kwamba undugu wa mimea si ushahidi dhidi ya tunda. Nyanya ni ndugu wa mimea yenye sumu kali na tunazila kila siku.

Sasa tuingie ndani ya mwili wa mtoto, kwa sababu siri yote iko humo.

Ubongo unakula sukari usiku na mchana. Kwa mtoto mdogo hali ni nzito zaidi, maana ubongo wake ni mkubwa ukilinganisha na mwili, na unachukua sehemu kubwa ya nguvu yote anayotumia. Akiwa amelala bila kula, sukari hutoka kwenye ini, ambalo ndilo ghala lake: lina akiba inayoitwa glikojeni, na huichota kidogokidogo hadi asubuhi. Mtoto aliyeshiba ana ghala la kumtosha usiku kucha. Mtoto aliyekonda, aliyekula mchana kidogo na kulala bila chakula cha jioni, ghala lake linakwisha kabla jogoo hajawika.

Akiba ikiisha, mwili hauna budi kugeukia mafuta. Ndani ya seli kuna vimeng'enya vinavyozikata asidi za mafuta vipandevipande, na kazi hiyo huzaa vitu viwili. Kwanza, nguvu ya kulisha misuli na viungo vingine, ili sukari kidogo iliyobaki iachiwe ubongo, pamoja na ketoni ambazo ubongo unaweza kuzila sukari ikipungua. Pili, nguvu hiyohiyo huliwezesha ini kutengeneza sukari mpya kutokana na mabaki ya protini. Kwa njia hiyo watu hufunga, hata kwa siku kadhaa, na hawapati degedege.

MCPG na haipoglisini A hufunga njia hiyo ya dharura. Mwili ukizivunja, mabaki yake hung'ang'ania vile vimeng'enya vya kukata mafuta na kuvizuia kufanya kazi. Mafuta yanafika mlangoni lakini hayapiti. Ketoni hazitengenezwi, sukari mpya haitengenezwi, na asidi za mafuta zilizokatwa nusunusu zinajazana na kuwa sumu juu ya sumu. Ubongo unabaki mikono mitupu, saa za mwisho wa usiku, wakati kila mtu nyumbani amelala.

Ukiielewa hatua hii, maswali mengi yanajibika kwa mpigo. Kwa nini mtu mzima wa Muzaffarpur anakula kilo nzima ya lichi na hapatwi na kitu? Kwa sababu ini lake lina akiba ya kutosha na hahitaji ile njia ya dharura usiku ule. Kwa nini watoto wa Delhi, wanaonunuliwa lichi hizohizo sokoni, hawaugui? Kwa sababu wamekula chapati na dengu kabla ya kulala. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu ndipo akiba inapoisha. Kwa nini mmoja katika nyumba? Kwa sababu mmoja ndiye aliyesinzia mapema akakosa kula, huku wenzake wakisubiri chungu kiive.

Hoja nzuri, hata hivyo, haijawa ushahidi. Mwaka 2014 kikosi cha taasisi ya India ya kudhibiti magonjwa, kikishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti na kuzuia magonjwa, kiliweka kambi katika hospitali mbili kubwa za Muzaffarpur. Kuanzia tarehe 26 Mei hadi 17 Julai walilazwa watoto 390 wenye ugonjwa huo, na 122 walikufa, yaani asilimia 31. Safari hii sukari ilipimwa mapema, mtoto anapofika. Kati ya 327 waliopimwa, 204 walikuwa na sukari ya miligramu 70 kwa desilita au chini yake. Kwa wanaotumia kipimo cha milimoli kama zahanati zetu nyingi, hiyo ni 3.9. Na wengi walikuwa chini zaidi ya hapo: kiwango cha kati kilikuwa 48, ambayo ni kama 2.7.

Kisha wakafanya uchunguzi wa kulinganisha. Walichukua watoto 104 wenye ugonjwa, na kwa kila mmoja wakamtafuta mwenzake wa umri uleule aliyelazwa kwa maradhi mengine. Wazazi wa pande zote mbili waliulizwa maswali yaleyale kuhusu saa 24 zilizotangulia ugonjwa. Alikula nini? Alikula lichi? Mbichi au mbivu? Alikwenda shambani? Alikula chakula cha jioni? Uzuri wa njia hii ni kwamba haimwulizi mama peke yake, kwa sababu katika msimu wa lichi kila mama wa Muzaffarpur atakuambia mwanangu alikula lichi. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya makundi mawili.

Tofauti ilionekana. Kwa hesabu ya uwiano wa uwezekano, inayolinganisha waliougua na wenzao, kula lichi kuliambatana na ugonjwa mara 9.6. Kukosa chakula cha jioni kuliambatana nao mara 2.2. Lakini namba ninayoiona kuwa kiini cha utafiti wote ni ile iliyotoka walipoyapima mambo hayo mawili kwa pamoja. Kwa watoto waliokula chakula cha jioni, lichi iliambatana na ugonjwa mara 3.6. Kwa waliolala bila kula, mara 7.8. Tunda lilikuwa lilelile. Ugali wa jioni, au tuseme wali na dengu wa jioni, ndio uliopunguza nguvu ya sumu.

Maabara nayo ikaongeza neno lake. Mabaki ya kemikali hizo mbili yalionekana kwenye mkojo wa watoto 48 kati ya 73 waliougua, na hayakuonekana hata kwa mmoja kati ya 15 wa kundi la kulinganishia. Kwa takriban watoto 9 katika kila 10 waliopimwa damu, kulikuwa na alama za mafuta kukwama njiani, hasa zile zinazotarajiwa vimeng'enya vikizibwa. Vipimo vya maambukizi na vya viuatilifu havikuonyesha mhusika. Na lichi zenyewe zilipopimwa, sumu ilikuwamo ndani ya nyama ya tunda, si kwenye mbegu tu. Mabichi yalikuwa na MCPG nyingi kuliko mabivu. Matokeo hayo yalichapishwa mwanzoni mwa 2017 katika jarida la Lancet Global Health.

Ushauri uliotokana nayo ulikuwa rahisi kiasi cha kushangaza: mtoto asilale bila chakula cha jioni katika msimu wa lichi, apunguziwe tunda hilo, na akifika kituoni na degedege apimwe sukari na kuwekewa sukari ya mshipani mara moja. Miaka michache iliyofuata, idadi ya wagonjwa ilishuka.

Halafu ukaja mwaka 2019. Joto lilikuwa kali mno, na mnamo Juni watoto wakaanza tena kufurika hospitalini Muzaffarpur, wakilazwa wawili watatu kitanda kimoja. Zaidi ya watoto 100 walifariki. Wakulima wa lichi walilalamika kwamba tunda lao, ambalo mwaka mmoja tu kabla lilikuwa limepewa hati ya utambulisho wa kijiografia, inayolinda jina la zao la eneo fulani, linachafuliwa jina. Wakasema, na hawakukosea, kwamba baadhi ya wazazi wa watoto waliokufa walikana kabisa kwamba mtoto aligusa lichi, na kwamba wamo waliokuwa wadogo mno kuweza kuzila kwa wingi. Kuna pia watafiti ambao hawakuridhika. Kule Dinajpur, Bangladesh, mwaka 2012 watoto 14 walipatwa na ugonjwa kama huo karibu na mashamba ya lichi na 13 wakafariki. Kikosi kilichochunguza kisa hicho kiliona viuatilifu vilivyopuliziwa kiholela ndivyo vinavyostahili kushukiwa. Vietnam, katika jimbo la Bac Giang linalolima lichi kwa wingi, maradhi ya ubongo ya watoto wakati wa mavuno yalishughulisha watafiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwanzoni dhana ilikuwa kirusi.

Msimamo wangu ni huu. Pingamizi za wakulima haziuangushi utafiti wa 2014, kwa sababu utafiti wenyewe haukusema kila mtoto aliyeugua alikula lichi. Digrii za joto kali humkausha mtoto maji na kumwondolea hamu ya kula; mtoto mwenye utapiamlo anaweza kuporomokewa na sukari kwa sababu hiyo tu, na lichi ikija juu yake inamsukuma zaidi. Ila kosa la mjadala wa 2019 lilikuwa kumtafuta mshitakiwa mmoja. Serikali ikilaumu tunda, haiulizwi kwa nini mtoto wa kibarua analala njaa katika wilaya inayosafirisha matunda nchi nzima. Ikilaumu joto, haiulizwi kwa nini kituo cha afya cha kijijini hakina hata kipimo cha sukari na mzazi analazimika kumbeba mtoto mwenye degedege kwa saa kadhaa hadi mjini. Njaa ya jioni imo katika kila toleo la simulizi hili, na ndiyo inayotajwa kidogo zaidi.

Suala la saa nalo lisipitwe. Sukari ikiwa chini kwa muda mrefu, seli za ubongo hufa, na mtoto anayepona hubaki na ulemavu. Kipimo cha kuchoma kidole hutoa jibu chini ya dakika moja. Mhudumu wa zahanati ya kwetu anayempokea mtoto mwenye degedege na kudhani ni malaria kali atakuwa mara nyingi amedhani sawa; hata hivyo malaria kali yenyewe hushusha sukari, kwa hiyo kipimo ni kilekile na hatua ni ileile, sukari ya mshipani ya asilimia 10. Pasipo na uwezo wa kuweka mshipa, miongozo ya Shirika la Afya Duniani inaruhusu kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa maji kuwekwa chini ya ulimi wa mtoto asiyejitambua, na kurudiwa, huku safari ya hospitali ikiendelea. Asinyweshwe kitu, maana atapaliwa.

India ina kisa kingine kinachofundisha namna maradhi ya ubongo yanavyoweza kujificha nyuma ya jina la homa. Magharibi mwa Uttar Pradesh, katika wilaya kama Bijnor na Saharanpur, watoto walikuwa wakifa kila mwaka baada ya msimu wa mvua, na kwa muda mrefu vifo hivyo viliandikwa kama maambukizi ya ubongo. Daktari wa watoto Vipin Vashishtha, pamoja na huyohuyo Jacob John, walionyesha mwaka 2007 kwamba watoto walikuwa wametafuna mbegu za gugu liitwalo Cassia occidentalis, zinazoharibu ini, misuli na ubongo kwa pamoja. Mwaka 2016 makumi ya watoto wa Malkangiri, jimbo la Odisha, walikufa, na mmea huohuo ukatajwa. Mmea huu unaota pia pwani ya Afrika Mashariki, kandokando ya barabara na kwenye viwanja vilivyoachwa. Ni mwingajini, ambao waganga wetu hutumia majani na mizizi yake. Mbegu zake hukaa kwenye ganda jembamba kama la choroko, saizi ya mkono wa mtoto, na mtoto mwenye njaa akiliona hafikirii dawa wala sumu.

Na tukitaka kuuona mchezo uleule wa sumu na upungufu kwenye sahani zetu wenyewe, tuangalie muhogo mchungu.

Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, watu waliamka miguu imekakamaa na haikukunjuka tena. Wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kwango huko Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Msumbiji, mkoani Nampula, zaidi ya watu 1,000 walipooza mwaka 1981. Konzo hushambulia njia za neva zinazotoka kwenye ubongo kwenda miguuni. Humpata mtu ghafla, na hana kupona, ingawa pia haizidi kuendelea.

Muhogo mchungu una kemikali ambayo ikivunjika hutoa sianidi. Bibi zetu walilijua hilo pasipo maabara: wakaumenya, wakauloweka siku tatu au nne, wakauvundika, wakauanika makopa hadi ukauke, ndipo wakatwanga. Ukame ukija, mambo mawili huharibika kwa pamoja. Muhogo wenyewe unazidi kuwa mchungu, kwa sababu mmea ulioteswa na jua hutengeneza sumu zaidi. Na njaa inafupisha siku za kuloweka, kwani huwezi kumwambia mtoto anayelia asubiri hadi Alhamisi. Kisha kuna upungufu, kama ule wa Muzaffarpur. Mwili unao uwezo wa kuisafisha sianidi kidogo kila siku, ila unahitaji salfa inayotoka kwenye protini: maharage, dagaa, mayai, nyama. Anayekula ugali wa muhogo na dagaa ana kinga ambayo anayekula ugali huohuo kwa kisamvu kitupu mwezi mzima hana.

Sianidi ikizidi kwa mlo mmoja huleta pia sumu ya papo hapo. Septemba 2017 wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na 2 wakafa baada ya kula unga wa muhogo. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa sehemu 88 za sianidi kwa milioni, wakati kiwango kinachokubalika ni 10. Waliougua walipata tumbo, kutapika, kuhara, kizunguzungu. Baadhi yao walikuwa wamekula pamoja msibani.

Tofauti na lichi, hapa dawa ipo hata baada ya unga kusagwa. Mtafiti wa Australia Howard Bradbury alionyesha kwamba unga wa muhogo ukiloweshwa kwa maji hadi uwe tope zito, kisha ukatandazwa mkekani kwa unene usiozidi sentimita 1, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi nyingi hupeperuka kama gesi kabla ya kusongwa ugali. Wenzake wa Kongo, akiwemo Jean-Pierre Banea wa mpango wa taifa wa lishe, waliipeleka njia hiyo katika vijiji vya Popokabaka huko Kwango kuanzia mwaka 2010, wakiwafundisha akina mama kwa vitendo, beseni kwa beseni, na kuchora alama kwenye beseni ili kila mmoja ajue maji yafike wapi. Katika vijiji vya mwanzo vilivyoifuata, konzo mpya ilikoma. Akina mama waliendelea nayo kwa sababu nyingine pia: unga uliotandazwa hauna uchungu, na watoto wanaumaliza.